Bati la Shaba Nililolifua Bangili

Nakumbuka siku niliyomwomba mchumba wangu anirudishie bangili, tena mbele ya mama yake. Usicheke, mwanangu. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini aibu ya siku ile ninayo mpaka leo.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, hapa hapa milimani Gonja. Ukoo wetu ulikuwa umenunua injini ya kusagia mahindi kutoka kiwanda kimoja cha Uingereza. Ilishushwa kwenye treni stesheni ya Same, ikaletwa kwa lori hadi Maore, na kutoka pale tukaipandisha kwa msaragambo: pembe ikapigwa, kila nyumba ikatoa mtu, tukaivuta kwa kamba na magogo siku tatu. Kwa kuwa nilijua kusoma, nikapewa kazi ya kuiendesha. We! Nilivimba kichwa mimi!

Ubavuni ilikuwa na bati dogo la shaba lenye namba na jina la wenye kiwanda. Jina lile lilinikera. Injini tumeivuta kwa mabega yetu, kwa nini ibebe jina la Mzungu asiyeijua hata Maore? Nikalibandua, nikalifua bangili, nikampelekea Nakiete, binti niliyemposa. Pale lilipokuwa nikapaka rangi jina la ukoo wetu. Watu wakanisifu.

Basi msimu wa mavuno, gia ndogo ya pampu ya mafuta ikavunjika. Injini kimya. Akina mama wakarudi kwenye vinu, mahindi yakarundikana, na mfanyabiashara mmoja wa bondeni akaja kutaka kuinunua injini kama chuma chakavu. Wazee wakaanza kumsikiliza. Babu yangu, ambaye alikuwa mfua chuma, alijaribu kufua gia mbili, lakini meno yakalika kabla hata debe moja halijasagwa. Nikaandika barua kiwandani. Jibu likaja baada ya wiki nyingi: tupeni namba iliyo kwenye bati, maana gia za injini zetu hazifanani.

Nikamsomea Babu barua ile, mstari wa namba nikauruka. Njia ya mwongo ni fupi. Babu akanitazama, akauliza, "Yaani wametuma barua baharini kote huko kuja kutusalimu tu?" Nikasema yote.

Hakunipiga, ingawa ningependa anipige. Alichukua jembe akanionyesha mistari mitatu iliyochongwa chini ya shingo ya jembe lile, alama ya ukoo wetu.

"Jembe hili likivunjika Usangi," akasema, "mwenye nalo anatazama alama, anakuja hapa, namfulia jingine bila neno. Ukiitia alama kazi yako, umeweka rehani uso wako. Yule Mzungu alitupatia uso wake, wewe ukaufanya pambo! Nenda kalete."

Nikaenda. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Umetuletea nini?" Lo! Nilikuja kuchukua! Nikaiomba bangili, nikaeleza ilikotoka. Nakiete aliivua bangili polepole. "Ungeniambia ni ya injini ya watu," akasema, "unadhani ningeivaa?"

Upande wa ndani namba ilikuwepo, ila nyundo yangu ilikuwa imekula tarakimu mbili za mwisho. Nikaandika zilizobaki, nikaeleza na upumbavu wangu wote. Babu alisimama nyuma yangu mpaka nikafunga bahasha.

Mfanyabiashara akaja tena, na tena. Wazee wakampa siku ya kuja na lori. Siku tano kabla ya siku hiyo, kifurushi kikafika Same. Ndani mlikuwa na gia mbili, moja ya akiba, na barua iliyotiwa saini na mwenye kiwanda mwenyewe, mama mjane aliyekirithi kwa mumewe. Alieleza kwamba kila injini iliyotoka mlangoni kwao tangu enzi za baba mkwe wake imeandikwa daftarini: namba yake, fundi aliyeiunga, na ilikokwenda. Yenye tarakimu zile iliyopelekwa Same ilikuwa moja tu. Kampuni kubwa, akasema, ilikuwa imetaka kukinunua kiwanda, jina na mitambo, lakini madaftari ya injini za zamani haikuyataka. Akakataa kuuza. "Kama ningeuza, barua yako ingefika," aliandika, "nani angekujibu?"

Babu alinisomesha mstari ule mara tatu. Kisha akasema, "Mama huyu ni mfua chuma," na machozi yakamlengalenga. Sikuwahi kumsikia akimsifu mtu hivyo.

Injini ilinguruma jioni ile ile tuliyofunga gia, na lori lilipokuja siku yake likarudi tupu. Nakiete naye alinisamehe, ila harusini shaba hakuivaa.

Mwanangu, sikiliza. Rangi niliyopaka haikutufanya wenye injini, maana mali ni ya yule anayeijibia inapoharibika. Ukifungua kiwanda au kigenge cha nyanya, weka jina lako mahali mteja mwenye hasira atakapoliona, na akija usijifiche. Ukinunua kazi ya mtu, usimfute. Na ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijawalaza watu njaa.

Mungu akujalie mikono yenye kazi njema, na siku mtu atakapoileta kazi yako imevunjika, akukute mlangoni, umesimama. Amina.