Mpimaji wa Zege

Kila alipoletewa kipande cha zege, mzee mpimaji alikipangusa kwa kiganja kama anayemfuta mtoto uso, ndipo akakiweka chini ya mashine ya kukiponda, akiimba chini kwa chini wimbo wa kanisani. Mshale wa kipimo ukianza kupanda, alinyamaza. Gacheri, mwenyekiti wa kina mama wa Ruiri, aliujua ukimya huo: zege la kwanza la wodi yao ya kujifungulia lilipondeka mapema, wakabomoa nguzo na kujenga upya. Leo mshale ulifika alama iliyotakiwa, ukapita. Kipande kilipopasuka hatimaye, mzee aliangua kicheko, akamshika Gacheri mikono yote miwili, vumbi na yote.

“Mama, enda uwaambie wamama waezeke!”

Gacheri akabaki akiitikisa tu ile mikono.