Mbegu za Bibi Chini ya Kuku

Juzi nilishuka Kamsamba kwenye harusi, na mahubiri yakanipita. Nje ya dirisha la kanisa mkrismasi ulikuwa umechanua, ule mti unaojaa maua mekundu mwezi wa Desemba mpaka majani huyaoni, na chini yake ng'ombe wawili wamelala wanacheua. Joto lilinipumbaza. Maharusi wakaapa, mimi niko Mbozi, utotoni, jikoni kwa mama, nimevaa masweta mawili.

Ndugu yangu, kama hujawahi kuamka Mbozi mwezi wa Julai, usijisifu kwamba unaijua baridi. Ukungu unaingia mpaka uvunguni. Ndiyo majira ya kahawa, na nyumba nzima ilinukia maganda mabichi, harufu tamu yenye uchachu kidogo. Nilichagua kahawa mbovu kwenye kichanja mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikarudi jikoni kwenye magimbi ya moto na chai ya maziwa. Raha ile sijaipata tena.

Mwaka mmoja babu alifariki, na baba akaenda Kamsamba kumchukua bibi, mama yake mama, asikae peke yake. Bibi alikuja na mkeka, sufuria yake, na maganda marefu ya mkrismasi yenye mbegu ndani. Hakutaka kuja. Alikuwa mtu wa mpunga na jua, halafu kukaa nyumbani kwa mkwe kwake ilikuwa aibu. Alikula jikoni, mlango umerudishwa, na baba akipita uani alijifunika kanga usoni. Wakitaka kusemezana, mimi ndiye niliyebeba maneno, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri tu.

Nililala naye kitanda kimoja. Alininong'oneza habari za kwao, kuta zilizobaki na joto hata jua likizama, mpunga unaovuma kwa upepo, na mimi nikasinzia nikihisi jua mgongoni. Nilimpenda bibi yule, acha tu.

Siku moja akaniita. "Mwambie baba yako, hizi mbegu nazipanda. Zikiota kwenye baridi hii yenu, nitakaa. Zisipoota, anirudishe kwetu, na asinione mbaya."

"Mwambie bibi yako nimekubali," baba akajibu kutoka upande wa pili wa ukuta.

Moyo ukanilipuka paa! Bibi alizipanda baadhi kwenye kopo la mafuta ya kupikia, akaliweka nje, na mimi nikawa mlinzi wa kopo. Nilimwagilia, nikafukuza kuku, nikalisemesha. Wapi! Udongo ulibaki vilevile. Mwishowe bibi akafukua mbegu moja kwa kidole, ngumu kama kokoto. "Unaona? Nchi yenu haitaki." Akaanza kuulizia magari ya Kamsamba.

Aliyetuokoa ni mama jirani, alipokuja kuomba moto. "Jamani, si mna kuku anayeatamia hapo kwenye kona? Yule ana joto la Kamsamba. Mpeni mbegu zilizobaki!"

Bibi alicheka mpaka akashika ukuta, kwa mara ya kwanza tangu aje. Lakini kesho yake nilimkuta amezifunga mbegu kwenye kitambaa chenye unyevu, anazipenyeza katikati ya mayai. Kuku akamdonoa mkono. "Nidonoe tu, mwenzangu," bibi akamwambia. "Sote tunatafuta joto."

Basi, kabla vifaranga havijatoka, nilifungua kitambaa nikaona mbegu mbili zimepasuka, kamzizi keupe kanachungulia. Nilipiga kelele mpaka baba akakimbilia jikoni, akasahau kabisa kwamba mkwewe yumo. Wakatazamana ana kwa ana. Kanga ilikuwa mabegani, haikuwahi kupanda usoni.

"Zimeota, baba," bibi akamwambia, mwenyewe, bila kunituma mimi.

Akakaa. Miche tuliilea karibu na mafiga, na baridi ilipoisha tukaihamishia uani. Mmoja ukashika, ukawa mti mwembamba unaopukutisha majani kila baridi ikirudi, wenye maua machache tu kwa mwaka.

Miaka ilipita. Nilikuwa likizo ya sekondari nilipomkuta bibi akimfundisha mama jirani kupanda mkrismasi. "Kwanza ikwangue mbegu kwenye jiwe mpaka uone weupe. Usipoikwangua maji hayaingii, haioti, hata uipande Kamsamba kwenyewe."

Nikaduwaa. "Bibi, zile za kwenye kopo ulizikwangua?"

Akatazama pembeni. "Nilikuwa nataka kwenda kwetu, mjukuu wangu."

"Na zile za kuku?"

"Hizo nilizikwangua." Akaanza kucheka. "Usiku wa siku ile jirani aliposema habari za kuku, uliambiwa usali tule. Ukaliombea kopo, ukasahau kuuombea ugali. Nikasema, haya, yaishe."

Jiko lile limeshabomolewa, na kahawa nyingi imeng'olewa. Bibi alipozidiwa, baba alimuuliza mwenyewe kama tumpeleke akapumzike kwao, Kamsamba. Akasema hapana, nizikeni hapahapa. Ukiwa mtoto unafikiri watu wazima wanakaa kwa sababu hawana pa kwenda. Bibi alikuwa na kwao, akapapenda mpaka mwisho, na alibaki kwenye baridi kwa ajili yangu. Pale kanisani machozi yalinitoka, na jirani yangu wa benchi akadhani nalilia maharusi.