Kunde Zilizolowa

Binti yangu anachezea kunde kwenye beseni la maji, na harufu mbichi ya kunde hizo inanirudisha nyumbani, Kisiwani.

Nami nilicheza hivyo hivyo, nikiziminya mpaka maganda yakateleza vidoleni. Mama aliporudi kutoka kuchota maji alitua ndoo, akasema, "Mwanangu, hiyo ndiyo mbegu yetu yote."

Mbegu ikishalowa haingoji mvua, na mvua haikuwepo. Tulipanda mchana uleule, kwenye vumbi. Kwenye shimo la mwisho mama alinishika mkono, akauzamisha udongoni.

"Haya, mtundu wa vidole, niambie. Kuna ubaridi huko chini?"

Udongo ulikuwa wa moto kama majivu ya jikoni.

"Upo, mama," nikasema.

Akafukia.