Uso wa Kijani Matangani

Jérémie alikuwa fundi wa televisheni pale Baraka, mjini kwetu Kongo, zile za zamani zenye kichogo, ambazo wenzake walikwisha kuzigeuza viota vya kuku. Aliziomba nyumba kwa nyumba, akang'oa kifaa hapa, akapachika pale, mpaka kioo kiwake tena kwa rangi. Moja ilikuwa na sanduku la mbao. Hiyo aliisugua kwa mawese mpaka ing'ae. "Nyekundu hii, mzee, simu haina," aliniambia.

Siku hizi kila mtu huinamia simu yake peke yake. Zamani mtaa mzima ulikaa ua mmoja kutazama televisheni, na aliyeziba mbele alirushiwa kandambili. Jérémie aliamini rangi zitawarudisha watu uani. Wao walimwita Papa Kichogo, wakacheka.

Godelieve alipofiwa na mumewe, alikuwa na kaseti ya harusi ya binti yao, marehemu akicheza ndani yake, lakini hakuwa na pa kuionyeshea. Jérémie akabeba deki na televisheni ya mbao mpaka matangani. Watu walijaa. Marehemu akatokea katika suti ya bluu, jasho usoni, bamama wakalia kwa raha. Jérémie alisimama nyuma kama bwana harusi.

Ndipo Willy, mtoto wa Godelieve na marehemu, akaibandika spika kubwa ya kanisa ubavuni mwa televisheni ili muziki usikike. Sumaku ya spika huharibu rangi za vioo vile. Uso wa marehemu ukageuka kijani, mdomo zambarau. Waliiondoa spika, kijani kikabaki.

Shangazi mmoja akanong'ona kwamba marehemu amekasirika, kuna mtu amemroga.

Jérémie aliona rangi tu. Alikimbia kuleta duara lake la waya wa shaba, akalichomeka kwenye umeme wa jenereta. Dawa yake ni hiyo: unalizungusha mbele ya kioo, ukirudi kinyumenyume polepole. Akazungusha, akarudi nyuma, na uso ukapona.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mwenye anajua kuondoa ulozi," Willy akasema, "ni yeye aliuweka."

"Ni spika yako, mwanangu. Iko na sumaku."

"Spika ya kanisa ndiyo iko na ulozi, Papa Kichogo?"

Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichommaliza. Walimpiga kwa duara lake mwenyewe. Kisha wakaenda kwake. Vioo vikalipuka kimoja kimoja, watoto wakishangilia. Sasa anaanika dagaa kijijini Swima kwa dada yake, na jicho la kushoto halioni.

Nilimweleza Godelieve habari za sumaku, nilivyozisoma vitabuni. Alinimiminia chai.

"Najua, mzee. Jérémie mwenyewe alinionya mapema spika isikaribie. Lakini watu walitaka mlozi. Ningeacha nani apigwe, mutoto wangu?"

Sanduku la mbao la ile televisheni liko uani kwa Godelieve, halina kioo. Kuku wanataga humo. Anasema hawajawahi kutaga vizuri hivyo.