Injini Niliyomuuzia Klementina

Simpendi Klementina, na naanza na hilo ili mtu asije akadhani namsifu. Ni mwanamke mkavu wa Ilagala, asiyejua kusalimia. Ukimwambia "mwakeye" asubuhi, anakukagua kwanza kama samaki aliyelala, ndipo aitikie. Alianza kwa kubeba madumu ya mawese kichwani, akanunua boti ya abiria, na sisi wa mwalo wa Kibirizi, zinakotia nanga boti, tukalazimika kumheshimu. Boti za Ilagala zinakwenda kwa zamu. Ukikosa safari tatu mfululizo, zamu yako anapewa mwingine na hairudi. Zamu ile ndiyo maisha yake yote. Hana shamba wala mume.

Injini yake ilipokufa alikuja kwangu. Mimi ni Bonaventura, fundi, na nauza injini zilizotumika. Nilikuwa na moja ya nguvu za farasi arobaini iliyotoka Dar kwa treni. Nikamwambia imetoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa, mali ya padri. Nilidanganya kwa sababu injini ya baharini huliwa na chumvi kwa ndani, isipooshwa kwa maji ya bomba kila jioni. Aliyekuwa nayo hii hakujisumbua. Nilipojaribu kuifungua, boliti zilikuwa zimeng'ang'ania. Nikaziacha zilivyo, nikaipiga rangi nyeusi, ikang'aa kama kiatu cha harusi.

Huku kwetu injini tunaipima kwa mkojo. Unaitumbukiza kwenye pipa la maji, unavuta kamba, unatazama kile kijitundu cha nyuma. Ikikojoa vizuri, watu wanasema maji yanazunguka, wanalipa. Hakuna anayedai ifunguliwe, maana ziwa letu halina chumvi na hatujawahi kuiogopa.

Ilikojoa vizuri sana siku ile.

"Mbona huijaribu ziwani?" Klementina akauliza.

"Mama, pipa linatosha."

"Au maji unayaogopa?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akalipa, akaondoka nayo.

Safari ya kwanza alipakia watu kumi na wanne na madumu ya mawese. Katikati ya njia injini ikachemka, ikazima. Upepo ukaanza, maji yakaingia, wakatupa mawese yote ziwani ili boti isizame. Wakapiga kasia kwa mbao za viti mpaka boti ya dagaa ikawavuta hadi Ilagala. Nilipopata habari nikajiambia kwamba kosa ni lake, kapakia mno.

Baada ya siku mbili alirudi Kibirizi, boti na injini yake vikivutwa na boti nyingine, na safari mbili zimeshampita. Alikuja moja kwa moja mpaka kwenye banda langu, na watu nyuma yake. Akafungua kanga. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha ile injini, ambacho fundi wa Ilagala alikuwa amekitoa kwa moto na nyundo. Vijitundu vya kupitishia maji vilikuwa vimezibwa na uji mweupe uliokauka.

"Lamba," akaniambia.

"Mama Klementina, tuzungumze ndani..."

"Nimelamba mimi. Mzee Jeremia amelamba. Umebaki wewe."

Mzee Jeremia, mwenyekiti wa mwalo, alikuwa bado anatema mate pembeni. Nililamba. Ilikuwa chumvi, na kila mtu aliiona kwenye uso wangu. Sijawahi kuvuliwa nguo hadharani namna ile. Nilimchukia, nikatamani afe pale pale.

"Nitampa injini nyingine," nikasema, ili nionekane muungwana.

"Injini nyingine ya kutoka kwako?" Akageukia watu. "Kesho ni safari yangu ya tatu. Abiria wananiambia hawapandi boti yenye mkono wa huyu. Mzee, sitaki kitu kingine. Aitengeneze hii hii leo, na kesho apande nayo, akae nyuma pale pale ilipo. Wakimwona fundi amekaa, watapanda."

"Ni haki," Mzee Jeremia akasema. "Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapomwambia ashuke."

Nilitoa kichwa kizima kwenye injini yangu mwenyewe, niliyokuwa naitunza kwa mteja wa maana. Nikazibua kila njia ya maji kwa waya, nikabadilisha pampu na gasketi. Sijawahi kufanya kazi safi namna ile kwa mtu ninayempenda. Kesho yake abiria walinitazama nilivyokaa, jaketi la kuokolea nimelivaa tangu nyumbani Katubuka, wakacheka, wakapanda. Zamu ikabaki yake.

Huu ni mwezi wa nne. Kila safari nakaa nyuma, kiganja juu ya injini, nikisikiliza joto lake. Kila tukifika katikati, mahali ilipozima, Klementina ananigeukia na kunitazama, kisha anatazama maji. Nimemuuliza mara mbili kama nishuke. Yeye anaendelea kuita abiria.

Watu wanasema siku hizi Fundi Bona amebadilika, anafungua kila injini mpaka ndani kabla ya kuiuza. Nawaambia ni heshima ya kazi. Uongo mtupu: naogopa mnunuzi mwingine naye asije akanikalisha nyuma ya boti yake. Sijui kuogelea, na Klementina anajua.