Abiria Wasiosafiri

Harufu ya maziwa yaliyochacha hunichefua hadi leo, na yote yalianzia kwenye kiti cha nyuma cha gari moja la abiria pale stendi ya Kilosa. Wafugaji walisafirishia humo madumu ya maziwa, yakimwagika yananyonywa na sponji ya viti, kisha jua linapiga. Lo! Uvundo ule ulikuwa unang'ang'ania kooni. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na mama tulikuwa wakimbizi kutoka Moba, ng'ambo ya ziwa, na hatukuwa tumemaliza mwezi tangu tushuke kwenye treni ya Kigoma na kupata chumba mtaa wa Mabwerebwere. Kitu cha kwanza nilichofundishwa Tanzania kilikuwa shikamoo. Kwetu tulisalimiana jambo, mkubwa kwa mdogo, basi. Jirani yetu ndiye aliyenikalisha chini: mwamkie kila mtu mzima, hata usiyemjua, naye akikuitikia marahaba ujue amekupokea kama mwanawe. Nikaliamini neno hilo kupita kiasi.

Siku ya gari lile tulikuwa tunamfuata bibi, mama yake mama. Mjomba, aliyetangulia kukimbia naye, alikuwa amempandisha basi Iringa, na kondakta angemshusha Mikumi, kando ya barabara kuu, saa sita mchana. Bibi alijua Kitabwa tu, lugha ya kwetu. Hakuwa na simu, wala hakujua jina la mahali anaposhukia, kwa hiyo ilikuwa lazima atukute pale. Saa mbili asubuhi tulikuta stendi magari mawili ya Mikumi, moja tupu, jingine limebakiza nafasi mbili za nyuma. Mpiga debe akamshika mama mkono. "Wawili tu, mama, linaondoka sasa hivi!" Nani angepanda lile tupu? Nikakaa karibu na mama mmoja mnene, kanga safi, kikapu mapajani. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Leo tutafika mapema," akasema, akanifuta vumbi shavuni kwa ncha ya kanga yake.

Lile gari tupu likajaa polepole, likaondoka. Letu halikutikisika. Abiria mmoja akashuka kununua maji, mwingine kupokea simu, na hawakurudi. Walisimama kivulini wakicheka. Mwishowe na yule mama akashuka bila kunitazama, akaenda kuketi kwenye gari la Morogoro, akapakata kikapu chake vilevile. Alipopita dirishani niliona hakina kitu ndani. Wenyeji wote walijua kwamba watu hao hukaa ndani ili gari lionekane limejaa. Wageni tu ndio tuliokuwa hatujui. Mama alipotaka tushuke, mpiga debe akamkemea: "Utashukaje, na nauli umeshalipa?" Tuliondoka saa tano, mama akilia kimyakimya njia nzima, na mimi nikajifuta shavu mpaka likawasha.

Tulifika Mikumi saa nane imepita. Bibi alikuwa ameketi chini kando ya lami, malori yakimpulizia moshi, mikono yote miwili imeshika furushi lake. Alikuwa amejikojolea. Aliogopa kuondoka pale kutafuta choo tusije tukamkosa, na hakuwa na lugha ya kumuuliza mtu. Watu walikuwa wanampita wakiziba pua. Mama akamfunga kitenge chake kiunoni. "Nilidhani mmenitupa," bibi alisema kwa Kitabwa.

Sasa nina duka la vitambaa karibu na stendi ileile. Treni ya siku hizi inapita kama upepo, bodaboda wamejaa kila kona, nami nina kigari changu, sipandi tena magari ya watu. Lakini wapiga debe wapo, na nawajua kwa majina. Juzi jua lilikuwa kali, mmoja wao akaniita, "Dada, kaa humu kivulini dakika mbili tu, utuchangamshie gari." Nikakaa. Sikufikiri, wallahi, nilikaa na pochi yangu mapajani nikichezea simu. Akaingia mwanamke mwenye furushi na kitoto cha kike, Kiswahili chao cha mbali, macho yao hayatulii. Mtoto akakaa karibu nami, akaniinamishia kichwa.

"Shikamoo."

Kabla sijajua ninachofanya, nilikuwa nimeshaitikia marahaba.