Gurudumu Ndani ya Marudio

Ukitaka kuunda ndege ya kivita ya plastiki, usianze na gundi. Anza na maji ya sabuni. Vipande hutoka kiwandani vikiwa na mafuta, na rangi haipatani na mafuta. Vikikauka, vikate taratibu kutoka kwenye fremu yake, vipige msasa, uvipachike kwanza bila gundi uone kama vinakaa, ndipo ugundishe. Hapa kwetu Kahama, kiangazi kina sharti lake: mwagia uwanja maji kwanza, la sivyo vumbi litalala juu ya rangi mbichi na ndege itaonekana imeota manyoya.

Ile niliyoiunda mwaka jana ilikuwa ya baba. Alikuwa fundi wa ndege za namna hiyo jeshini, kabla ya kurudi kijijini Didia kwenye ng'ombe wake. Presha ya macho ilikwisha kumchukulia jicho moja, na hilo la pili daktari hakutuahidi kitu. Nilitaka aione ndege yake imesimama kwa magurudumu, angali anaona.

Asubuhi aliyokuja kututembelea, nilikuwa nimebakiza gurudumu la mbele, dogo kama punje ya mtama. Nilikaa barazani nimelishika kwa kibano. Nikainuka kumpa shikamoo. Likaniponyoka, likapotelea kwenye mchanga wa uwanjani.

Jirani yetu, mama anayeosha mchanga wa dhahabu, alitukuta tunatambaa.

"Jamani! Mgodi wote ule wa Buzwagi, ninyi mmeona mchimbe hapa?"

Nilipomweleza, alikwenda kuleta karai na beseni. Akazoa mchanga, akatia maji, akawa anazungusha karai na kumwagia tope la juu kwenye beseni, kidogo kidogo. Ilikuwa raha kuitazama mikono ile. Akafika chini: kokoto nyeusi tu.

Aliduwaa, kisha akacheka mpaka akakaa chini. "Jirani, mikono hii inajua jambo moja: kizito baki, chepesi nenda zako! Gurudumu lako nimelimwaga mwenyewe."

"Basi limekwenda," nilisema.

"Limekwenda wapi? Nani anatupa marudio?"

Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa. Waoshaji huutunza, maana iko siku utaoshwa tena. Akalivuta beseni.

Mke wangu akatoa chujio. "Na chai mtachujia nini?" aliuliza, lakini alilishika yeye mwenyewe huku tukimimina tope kikombe baada ya kikombe. Gurudumu likabaki kwenye wavu, zima.

"Lete hapa," baba alisema. Alilibingirisha kati ya vidole. "La kweli lilikuwa linanifika magotini. Leo linaoshwa kama dhahabu." Akamgeukia jirani, akamshukuru kwa Kisukuma: "Wabeja sana, mama."

Nililigundisha, nikampa ndege. Aliiinua kwenye mwanga, akageuza kichwa ili jicho lililobaki lipate kuitazama vizuri. Sikuthubutu kumuuliza kama anaona.

"Gurudumu la mbele limepinda," alisema hatimaye. "Linaangalia kulia."

Nikainama. Kweli, lilikuwa limepinda, kiasi ambacho mimi mwenye macho mawili sikukiona. Gundi ilikuwa bado mbichi. Nikalinyoosha, na sijawahi kushukuru kukosolewa kama siku ile.